Pedali ya gitaa inajiwasha na kujizima ukikanyaga mara moja: usibadilishe bodi kwanza

Mkuu wa Makambako, umesema ukikanyaga swichi mara moja dilei (ile pedali inayorudisha sauti ya gitaa kama mwangwi) inawaka na kuzima hapohapo, fundi kapima swichi kwa mita kasema nzima, sasa anataka mbadilishe bodi yote. Subiri kwanza. Hii kitu imenitesa hapa Uyole karibu mwaka mzima, napiga gitaa la solo kwaya ya kanisani, unafika kwenye kiitikio unakanyaga, dilei inakuja inakata, unakanyaga tena inawaka wakati wenzako washarudi kwenye beti, mwalimu wa kwaya anakuangalia tu. Inauma sana.

Iko hivi, ndani ya swichi kuna vipande vya chuma, vikigongana havitulii palepale, vinadunda kama mpira ulioudondosha sakafuni, vinagusa vinaachia vinagusa, yote hayo ndani ya milisekunde chache. Sikio lako halijui ila chipu inajua, yenyewe inahesabu umekanyaga mara mbili, na ukikanyaga mara mbili si inarudi ilikokuwa? Mita haiwezi kuonyesha hilo, iko taratibu mno, itapiga mlio vizuri tu. Kwa hiyo fundi hajakudanganya, kifaa chake ndo hakioni.

Mimi nilikaa barazani nikaikanyaga mara 50 huku nahesabu, mara 11 ikagoma. Nikachomoa waya za gitaa zote nikarudia, taa ya pedali ikafanya vilevile, basi nikajua sio waya wala gitaa. Jaribu hivyo kwanza.

Dawa yake: kapasita (kidude kinachotunza chaji) ya maikrofaradi 1 kwenye ule waya wa swichi unaoingia kwenye chipu, mguu wa pili kwenye ground (upande hasi wa bodi), na rezista (kidude kinachobana umeme) ya kilo-omu 10 kutoka waya huohuo kwenda kwenye volti 5 za chipu (angalia kama bodi yako haina tayari, nyingi zinayo). Halafu rezista ndogo ya omu 100 kati ya swichi na kapasita, hii watu wanairuka na wanakosea, bila hiyo kapasita inamwaga chaji yote kwa mpigo kwenye vile vichuma kila ukikanyaga, taratibu vinaungua. Uzuri wake ukikanyaga haicheleweshi kitu, kapasita inashuka haraka, ila kupanda tena inahitaji kama milisekunde 10 na swichi inakuwa imeshatulia. Kapasita nilitoa kwenye bodi ya redio mbovu Mwanjelwa, angalia tu upande wa hasi uende ground.

Kama pedali umeijenga mwenyewe kwa Arduino (bodi ndogo yenye chipu unayoiandikia programu) hata usichome kitu, kwenye programu iambie ikiona swichi imebadilika isubiri milisekunde 20 isome tena, ikikuta vilevile ndo ikubali.

ILA sikia, hii ni kwa swichi inayopeleka taarifa kwenye chipu. Kama yako ni ile ya miguu 9 inayopitisha sauti yenyewe usiweke kapasita hiyo kabisa, itakula sauti zote za juu, gitaa litasikika kama liko ndani ya blanketi.

Na hili vumbi letu la kiangazi linaongeza tatizo, safisha swichi kwa spiriti kwanza, ikauke, ndo uhesabu. Yangu baada ya kapasita nimekanyaga 50, zimeitika 50. Piga picha ya bodi upande wa chini uiweke hapa, nikuonyeshe pa kuchomea.