Mnunuzi wa mabondo hasalimii, ananidharau?

SWALI: Shangazi shikamoo. Nauza mabondo ya sangara (vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki) hapa Kirumba, Mwanza, kuna Mchina anakujaga, salamu hana, anauliza bei afu anakata nusu. Nimemchoka!

JIBU: Marahaba mwanangu. Sisi bila mwangaluka (salamu ya Kisukuma) na habari za watoto biashara haianzi, yeye labda anaona anakuokolea muda, na kukata nusu ndo kufungua mazungumzo tu, mbona hata wewe ukienda kununua kitenge unakata hivohivo, kwahiyo usinune, shuka kidogokidogo. Siku moja mwalike sato wa kuchemsha, Wachina wengi uaminifu wanaujenga mezani. Risiti mpe kwa mikono miwili, kwao ni heshima kama kwetu. Ila mkopo hapana, hata mkizoeana vipi.