Maswali na Majibu: "Nyota ya Afrika" Hakukanyaga Tanganyika

Tangu nimtaje Hans-Joachim Marseille, rubani wa kivita wa Ujerumani katika Vita ya Pili ya Dunia, barua hazikatiki. Zinazofanana nimeziunganisha. Za kuulizia fulana zenye msalaba wa jeshi la Hitler nimezitupa.

Alipigana Tanganyika upande gani? Mbona anaitwa Nyota ya Afrika? (Tabora, na wengine chungu nzima)

Hakupigana Tanganyika. Hili nimeshalijibu na sirudii tena. Marseille alizaliwa Berlin Desemba 1919, wakati Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Tanganyika katika vita ya kwanza, ameshasalimu amri zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Mnachanganya vita ya kwanza na ya pili. Afrika yake ni jangwa la Libya na Misri, kuanzia Aprili 1941 hadi Septemba 1942. Hilo la "nyota" ni pambo la propaganda ya Wajerumani, na sisi tunalirudia kana kwamba Waafrika ndio tuliomvika.

Alitungua ndege ngapi?

158 kwa hesabu ya Wajerumani, 151 kati ya hizo Afrika Kaskazini.

Basi ndiye rubani bora wa dunia?

Kwa wingi wa ndege, hapana: Mjerumani mwenzake Erich Hartmann alihesabiwa 352. Hii si ligi ya mpira.

Wanasema 1 Septemba 1942 alitungua 17 kwa siku moja. Inawezekana? (Mombasa)

Kudai inawezekana. Kuthibitisha ndiyo kazi, na wanahistoria wanabishana mpaka leo. Angani watu wawili huipiga ndege moja na kila mmoja akajiandikia. Nyingine huondoka inafuka moshi, rubani wake akaonekana jioni anakunywa chai kambini. Tena Agosti 1942, katika kikosi chake hichohicho, JG 27, kuna marubani waliogundulika wakijiandikia ndege hewa. Marseille hakuwa miongoni mwao, lakini ujue daftari lenyewe lilikuwa la namna gani.

Ufundi wake siupingi. Marubani wa Uingereza na wenzao walipozidiwa waliruka kwa duara, kila mmoja akilinda mkia wa mwenzake. Marseille aliingia humo ndani, akapunguza nguvu ya injini, akashusha vibao vya nyuma ya mabawa ili apinde kona kali, kisha akapiga risasi mbele ya pua ya adui, pale ndege itakapokuwa sekunde inayofuata. Tarehe 3 Juni 1942, karibu na Bir Hakeim huko Libya, alidai kutungua ndege sita aina ya Tomahawk za kikosi cha Afrika Kusini kwa dakika 11.

Mnaoshangilia, ulizeni pia hizo 158 zilikuwa ndege gani. Karibu zote ni ndege ndogo za kupigana angani, si za mabomu. Wakati yeye na wenzake wanakimbizana nazo, ndege za mabomu za Uingereza ziliendelea kuwapiga askari wa Rommel, jenerali wa Wajerumani jangwani humo, na malori yao. Sifa ilikwenda kwa rubani, hasara ikabaki kwa askari wa chini.

Nani alimuua?

Injini. Tarehe 30 Septemba 1942 alikuwa anarudi na ndege mpya ya Messerschmitt, moshi ukajaa chumba cha rubani hata asione mbele. Wenzake walimwelekeza kwa redio mpaka juu ya eneo lao, akaruka, mkia ukampiga, mwavuli haukufunguka. Alikuwa na miaka 22.

Ni kweli alimpinga Hitler? Nasikia alipenda jazz, muziki ambao Wanazi hawakuupenda. (Nairobi)

Alipenda jazz, wanawake na kuchelewa, na Steinhoff, mkuu wake wa awali, alimfukuza kikosini kwa utovu wa nidhamu. Tangu lini uhuni ukawa upinzani? Juni 1942 alikwenda kwa Hitler mwenyewe kuvishwa nishani. Jeshi la Ujerumani la leo nalo limemchoka: kambi ya Appen, Ujerumani, iliyobeba jina lake ilibadilishwa jina 2021, ikapewa la Jürgen Schumann, rubani wa Lufthansa aliyeuawa na watekaji huko Aden Oktoba 1977, kabla ndege yake haijafikishwa Mogadishu. Huyo ndiye ningependa mniulize habari zake.

Na yule rafiki yake mweusi? (Dodoma)

Mathew Letulu, wakimwita Mathias, askari wa Afrika Kusini aliyetekwa Tobruk Juni 1942. Serikali yake ilimpeleka vitani bila bunduki kwa sababu ya rangi yake. Wajerumani wakamfanya mtumishi. Inasimuliwa kwamba yeye na Marseille walipendana, na sina sababu ya kukataa. Ila mateka hachagui bosi. Wanaoleta habari hii kuthibitisha kwamba jamaa hakuwa mbaguzi hawataji hata siku moja kwamba Mathias asingeweza kuaga na kuondoka.

Natengeneza mfano wa ndege yake. Niandike namba gani?

14, ya manjano. Na swastika ya mkiani, ile alama ya Wanazi, usiiache.