Programu ya C inakrashi siku nyingine tu, anzia kwenye memori
Mkuu, hiyo ya programu yako ya C kukrashi leo halafu kesho inapiga kazi fresh tu, na ukiweka printf ndo tatizo linapotea kabisa, mara nyingi hapo ni memori, usihangaike kusoma kodi yote mstari kwa mstari. Kompaili upya na gcc -g -O1 -fsanitize=address, irun kama kawaida, ikigusa sehemu isiyo yake inasimama palepale na kukuonyesha mstari wenyewe, na kama ni memori ambayo ulishaifrii itakwambia iliombwa wapi na ikaachiwa wapi, yani hapo kazi nusu imeisha. Ile -g (inayohifadhi namba za mistari ya kodi ndani ya programu) usiisahau kabisa, bila hiyo unaweza kuishia kuona anwani za namba tupu. Ila AddressSanitizer, yani hicho kikaguzi cha memori kinachowashwa na -fsanitize=address, haikamati variabo ambayo hujaipa thamani, hapo ndo unaenda Valgrind, programu nyingine ya kukagua memori, kompaili tena bila ile fulagi ya -fsanitize=address maana hivi viwili haviendi pamoja, kisha valgrind --track-origins=yes ./programu. Itaenda taratibu mno, mara 10 mpaka 30 hivi, we vumilia tu. Na rekebisha kwanza kosa la juu kabisa kwenye ripoti, mengi ya chini yanatokana na hilo hilo.