Washington kapigwa karibu kila mahali, sasa walishindaje ile vita?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko kidato cha sita, tunasoma uhuru wa Marekani. Kila nikisoma naona George Washington, jenerali mkuu wa makoloni, anapigwa tu, New York kapigwa, Philadelphia imechukuliwa, halafu mwishoni naambiwa makoloni 13 yameishinda Uingereza. Imekuaje? Kuna mwenzangu anabisha kwamba Ufaransa ndo ilishinda ile vita. Na watumwa weusi je, wao walikua upande gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelipenda kwa sababu umeona kitu ambacho wengi wanakipita, ni kweli Washington kashindwa sehemu nyingi kuliko alizoshinda. Nataka uiangalie hii vita ukianzia baharini, ukishaielewa bahari mengine yote yatakaa sawa.

Chukua upande wa Uingereza kwanza. Jeshi lao liko Marekani, serikali iko London, na katikati kuna Atlantiki, barua tu inakaa njiani wiki 6 mpaka 8 na upepo ukikataa inazidi hapo. Chakula cha askari kingi kilikua kinatoka huko huko kwao, nyama ya chumvi na unga vinapakiwa bandari ya Cork kule Ireland vinavuka bahari nzima. Kwaiyo jeshi likikaa karibu na maji, karibu na meli zake, halishikiki, likiingia bara tu linaanza kuteseka maana kila gari la chakula linaviziwa na wanamgambo wa vijijini. Jenerali Burgoyne alishuka kutoka Canada mwaka 1777 akapita misituni, yule mwenzake Howe badala ya kupanda mto Hudson kwenda kukutana naye akaenda kuteka Philadelphia, Burgoyne akabaki peke yake Saratoga, kaskazini mwa New York, chakula kinaisha, tarehe 17 Oktoba akajisalimisha na watu karibu 6,000. Philadelphia yenyewe waliichukua kweli, ila wabunge wa makoloni walihamia mji mwingine wakaendelea na kazi. Nchi ile haikua na mji mmoja ambao ukiushika basi umeimaliza.

Sasa njoo kwa walowezi, yani watu wa yale makoloni walioasi. Hali yao mwanzoni ilikua mbaya kuliko vitabu vya shule vinavyosema. Agosti 1775, Waingereza wamezingirwa Boston, Washington anaulizia baruti anaambiwa iliyopo haifiki hata risasi 10 kwa kila askari, yani jeshi zima linamzingira adui na bunduki karibu tupu, na adui hajui. Baruti nyingi ya miaka ya mwanzo ililetwa kwa meli kutoka nje, hasa Ufaransa, nyingine ikipitia kisiwa cha Waholanzi cha Sint Eustatius kule Karibi. Ufaransa ilikua inasaidia kwa siri kabla hata haijatangaza chochote, na baada ya Saratoga ndo ikasaini mkataba wa wazi, Februari 1778.

Kwaiyo kazi kubwa ya Washington ilikua kuhakikisha jeshi lake halifi. Hili ndo jibu la swali lako la kwanza. Agosti 1776 alipigwa vibaya Long Island, kisiwa cha pembeni ya Manhattan, akabanwa na mto mgongoni, meli za adui zinasubiri upepo ugeuke ziingie zimfungie njia. Usiku wa tarehe 29 akawavusha askari kama 9,000 kwa boti mpaka Manhattan, wapiga makasia wengi walikua wavuvi wa Massachusetts, kimya kimya, na alfajiri kabla hawajamaliza ukungu ukashuka ukawaficha wa mwisho wao. Kwenye orodha ya mapigano hapo kashindwa, lakini mimi naamini kama wale watu wangekamatwa usiku ule hakuna uhuru wa 1783. Na lingine ambalo watu hawalisemi sana ni ndui. Ndui ilikua inamaliza askari kuliko risasi, na mwaka 1777 akaamuru jeshi lote lichanjwe, chanjo ya zamani ile ya kumpa mtu ugonjwa wenyewe kidogo, uamuzi mzito sana kwa wakati ule na ulifanya kazi.

Kuhusu mwenzako, ana haki kubwa tu. Mwaka 1781 jenerali Cornwallis amezunguka majimbo ya kusini, anashinda huku watu wake wanapungua, akaamua kwenda Yorktown, Virginia, ajenge kambi kando ya maji asubiri meli za kwao. Umeona? Bahari tena. Washington na jenerali wa Kifaransa Rochambeau walikua karibu na New York, wakapata habari kwamba admirali de Grasse anakuja Virginia na kundi kubwa la meli za kivita kutoka Karibi. Wakaondoka na jeshi zaidi ya kilomita 600, na ili Waingereza wa New York waamini kwamba wao ndo watakaoshambuliwa wakajenga mpaka matanuri ya mikate New Jersey, kama watu wanaojiandaa kukaa. Tarehe 5 Septemba de Grasse akapambana na meli za Waingereza nje ya ghuba ya Chesapeake, ndo njia ya meli kuingia Yorktown, Waingereza wakarudi New York, mlango ukafungwa.

Cornwallis akabaki ndani. Farasi hana cha kuwalisha, wakachinjwa kwa mamia wakatupwa mtoni. Usiku wa tarehe 16 Oktoba akajaribu kuvusha watu wake mto York, kundi la kwanza likavuka, ikaja dhoruba ikatawanya boti zote. Asubuhi kijana wa ngoma akapanda juu ya ngome anapiga, na afisa na kitambaa cheupe pembeni yake, tarehe 19 wakaweka silaha chini, watu zaidi ya 7,000. Meli za kumwokoa zilifika nje ya ghuba tarehe 24. Ukijumlisha na wanamaji, Wafaransa pale walikua wengi kuliko Wamarekani, kwaiyo usiandike kwenye mtihani kwamba walowezi walishinda peke yao. Ila pia bila miaka 6 ya kulishika lile jeshi de Grasse angekuja kumsaidia nani? London nao walikua na vita na Ufaransa, Hispania na Uholanzi kwa mpigo, bunge lao likachoka, serikali ikaanguka Machi 1782, na amani ikasainiwa Paris tarehe 3 Septemba 1783.

Swali lako la mwisho linaniuma kila ninapolifundisha. Weusi walikua pande zote mbili. Kama 5,000 walipigana upande wa walowezi, na maelfu zaidi walikimbilia kwa Waingereza kwa sababu gavana wa Virginia alitangaza Novemba 1775 kwamba mtumwa wa muasi akija kubeba silaha upande wa mfalme atakua huru. Wengi walimfuata Cornwallis mpaka Yorktown wakamchimbia mahandaki, na chakula kilipoisha akawatoa nje ya kambi, wengine wana ndui mwilini, wakafia porini katikati ya majeshi mawili. Waliobaki hai, Washington akaamuru wakusanywe warudishwe kwa wenyewe, na wenyewe maana yake mabwana zao. Ni mwaka 1783 tu, Waingereza wakiondoka New York, ndo weusi kama 3,000 walipanda meli na karatasi za uhuru mkononi kwenda Nova Scotia, Canada, na baadhi yao miaka 9 baadaye wakavuka tena bahari wakaenda kuanzisha Freetown, Sierra Leone.