Jibu: Toyota Hilux ya dizeli (injini aina ya 3L), mkanda wa altaneta unapiga mluzi asubuhi

Salaam mkuu. Kwa hiyo mkanda ni mpya, unalia ukiwasha asubuhi, ikipata moto unanyamaza. Usikimbilie kununua mwingine kwanza. Hizi dizeli za zamani hita plagi (zile za kupasha moto ndani ya injini ili iwake) zinakula betri kabla injini haijawaka, ikishawaka tu altaneta inarudisha chaji kwa nguvu, puli yake (gurudumu linalozungushwa na mkanda) inakuwa nzito na mkanda ukiwa umelegea hata kidogo unateleza, ndo huo mluzi. Na mkanda mpya huwa unalegea ukishatembea, lazima ukazwe tena.

Zima injini, bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli mbili, ushuke kama milimita 10 hivi. Ukizama sana, legeza bolti za altaneta, ivute nje, kaza. Ila usizidishe aisee, utaua beringi ya altaneta na ya wota pampu.

Ukikaza bado unalia, toa mkanda umulike mfereji wa puli. Chini kabisa pakiwa panang'aa kama kioo, mkanda unagusa chini badala ya kubana pembeni, hapo puli imelika au saizi ya mkanda sio yenyewe. Zungusha na puli zote kwa mkono, inayokwaruza beringi imeenda. Ukikuta oil kwenye mkanda ziba kwanza inapovujia, na zile sprei za kuzima kelele achana nazo.