Jibu: Kwa nini safu ya pili hutoza ada ndogo?
Ndugu, umeuliza inakuwaje safu ya pili, yaani mtandao uliojengwa juu ya blokucheni nyingine, itoze ada kidogo ilhali inaegemea Ethereum ileile. Ni kugawana kazi tu. Blokucheni (daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi) ya mtindo wa zamani hufanya yote peke yake: kutekeleza miamala, kukubaliana mpangilio wake, kutunza data. Kila nodi, yaani kompyuta ya mtandao huo, hurudia hesabu ileile, ndiyo maana foleni haiishi.

Kwenye muundo wa moduli, yaani kazi hizo zikigawanywa, safu za pili kama Arbitrum au Optimism hupiga hesabu pembeni, hufunga miamala mingi kwenye furushi moja, kisha huipelekea Ethereum. Ada ya furushi mnachangiana.

Gharama ilikuwa imejificha kwenye data ya mafurushi hayo. Kabla ya Machi 2024 data hiyo ilikaa ndani ya Ethereum milele, na mlilipia umilele huo. Sasisho la Ethereum liitwalo Dencun likaleta blobu: kifurushi cha data cha kilobaiti 128 chenye soko lake la ada, ambacho nodi hukifuta baada ya siku kama 18. Ada zikaporomoka. Zipo safu za pili zinazopeleka data Celestia, mtandao mwingine wa kutunza data, ila hapo unaiamini Celestia pia, na matangazo hayalisemi hilo kwa sauti.

Kasi wanayoitangaza nayo usiimeze nzima. Ule uthibitisho wa papo hapo ni ahadi tu ya mpangaji wa miamala, yaani anayeipanga foleni kwenye safu ya pili. Kurudisha pesa Ethereum kutoka Arbitrum kwa daraja rasmi (njia ya kuhamisha pesa kati ya mitandao hiyo) bado ni takriban siku 7.