Bapa la shaba kwenye glokenspili: litafaa?

SWALI: Shule yetu ya Katuba, Lubumbashi, ilipewa ala ya mabapa ya chuma. Wengine wanaiita zilofoni, wengine vibrafoni, na nota zetu zimeandikwa «jeu de timbres». Bapa moja limepotea. Je, fundi anaweza kututengenezea jingine kwa shaba?

JIBU: Ndugu mwalimu, ikiwa ala yenu haina mirija chini ya mabapa, na inaingia katika sanduku la kubebwa mkononi, basi ni glokenspili, ambayo nota za Kifaransa huiita jeu de timbres. Zilofoni ina vibao vya mti, kama madimba yetu. Vibrafoni ina mabapa ya aluminiamu, pedali ya kuzima sauti, na mirija yenye visahani vinavyozungushwa na mota. Glokenspili husikika oktava mbili juu ya nota zilizoandikwa, ilhali vibrafoni husikika palepale zilipoandikwa.

Shaba singeishauri, ingawa hapa Lubumbashi ndiyo inayomjia fundi kwanza akilini. Sauti husafiri ndani ya chuma cha pua kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde, na ndani ya shaba chini ya 4,000, kwa hiyo bapa la shaba lenye vipimo vilevile litashuka nusutoni (hatua ndogo kabisa kati ya nota na nota) tano au sita. Mnaweza kulifupisha ili lipande, lakini shaba ni laini: mlio wake hufa upesi, na vipigio vigumu vitaliachia mabonde.

Mwambieni fundi atafute chuma cha pua chenye unene na upana uleule wa mabapa mengine. Alikate kwa msumeno, lizidi kidogo urefu wa kati wa majirani wake wawili wa nusutoni, kisha apige tupa kwenye ncha: kadiri linavyofupika ndivyo sauti inavyopanda. Akipitiliza, apunguze unene chini katikati, nayo itashuka. Afanye hivyo polepole, maana kipande chembamba kikiondolewa hakirudi. Matundu yatobolewe sauti ikiwa karibu kufika, kwa 22.4% ya urefu kutoka kila ncha, kwa kuwa hapo bapa halitikisiki. Skrubu zisikazwe, na chini ya bapa pawe na kipande cha felti (kitambaa kinene kilichoshindiliwa) au mpira, la sivyo hata bapa lililopimwa vizuri litatoa sauti iliyokufa.